Nimeingia kamati ya kituo cha afya hapa Tanga, nataka wagonjwa wa akili waongeleshwe wao wenyewe. Nianzie wapi?

Mwanamakorora

Habari za jioni ndugu zangu wa Tanga na wa kwengineko. Naomba mawazo, hasa wale ambao mmeuguza au mmeugua wenyewe, na wale wa sekta ya afya.

Mdogo wangu wa kiume ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuona visivyokuwepo, miaka sasa yuko kwenye dawa na mimi ndo nampeleka kliniki. Ugonjwa tushauzoea. Akiwa ametulia ni mtu wa maana kabisa, anashona viatu Ngamiani na wateja wake wanamuulizia asipofungua. Kinachonichosha ni vile anavyoongeleshwa. Tunaingia kwa dokta tunakaa wawili, ninaulizwa mimi. Analala? Anakula? Bado anaongea peke yake? Yeye kakaa pale pale mikono juu ya magoti anasikiliza anavyojadiliwa. Kliniki iliyopita akajikaza akasema mwenyewe, dokta mkono wangu unatetemeka nashindwa kushika sindano ya viatu. Dokta akanigeukia mimi, "mwambie aendelee na dozi." Mwambie! Na mtu yuko hapo hapo mbele yake, magoti yanagusa meza. Tukatoka, hakusema neno mpaka tunafika kituo cha daladala ndo akaniambia dada mimi siendi tena, nenda wewe ukachukue dawa, wao wanakutaka wewe.

Roho iliniuma mno.

Sasa Mungu si Athumani, mtaa wetu umenipendekeza niingie kamati ya usimamizi ya kituo cha afya kama mwakilishi wa wananchi, na kikao cha kupanga bajeti kiko karibu. Sitaki kwenda kulalamika tu, watu wakilalamika vikaoni huambiwa "tumepokea" alafu basi. Nataka niende na vitu vya kuandikwa kwenye mpango. Kamati ina uwezo gani hasa? Dawa nazo zinapotea, mwezi zipo mwezi hamna, hilo linasemwaje? Na sheria inasema nini kuhusu mgonjwa kusikilizwa mwenyewe?

BiMkubwa_Nguvumali

Mwanangu hongera kwa kuchaguliwa, na pole na kumuuguza mdogo wako. Mimi nimefanya unesi wa wodi ya akili mpaka nikastaafu, kwaiyo nisome taratibu, nitaandika kirefu.

Kwanza huo mkono. Kama anatumia haloperidoli au zile dawa za kundi lake la zamani, au anachomwa ile sindano ya kila mwezi ya modeketi, kutetemeka ni jambo linalojulikana kabisa na dawa yake ipo, nyie mnaiita atani. Kwaiyo ile kauli "mkono unatetemeka" ilikuwa ni taarifa ya kitabibu, tena nzuri, mgonjwa kaileta mwenyewe mezani. Nesi au dokta aliyefundishwa anaanzia hapo hapo, umeanza lini, mkono mmoja au yote, shingo inakaza, mate yanatoka, miguu inakutuma utembee muda wote huwezi kutulia? Maswali hayo hayamalizi dakika tano. Vijana wa kiume ndo hushikwa zaidi na lile la kukaza shingo siku za mwanzo mwanzo, nimewaona wameletwa usiku macho yamegeukia juu familia inalia inajua kapandisha majini, kumbe ni dawa, anachomwa sindano moja baada ya muda kidogo shingo inalegea anaomba maji. Mrudishe, asiache dawa mwenyewe, na mwambie ajieleze tena yeye mwenyewe, ukiulizwa wewe jibu "muulize, yuko hapa."

Kuhusu kamati. Kuna mambo hayahitaji hata senti. Kituoni mgonjwa aanze kuonwa yeye kwanza, ndugu asubiri nje kidogo, alafu ndugu aitwe mgonjwa akiridhia. Ndugu ana maana yake, mimi siwezi kumdharau ndugu, mara nyingi ndo anaona dalili za mwanzo, ila aje wa pili. Na lile la kuita mafaili kwa sauti kubwa koridoni "wale wa akili sogeeni huku" likome, mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, analitolea agizo asubuhi moja na limeisha.

Mafunzo nayo yanaombwa. Kuna mwongozo wa WHO unaitwa mhGAP, umetengenezwa kwa ajili ya watumishi ambao si mabingwa, kliniko ofisa, nesi wa zahanati, na ile toleo ya 2016 inaanza na namna ya kuongea na mgonjwa kabla hata haijafika kwenye ugonjwa wowote. Kila halmashauri inatakiwa iwe na mratibu wa afya ya akili. Mwandikieni kupitia kwa mganga mfawidhi aje afundishe hapo hapo kituoni, kundi zima mpaka mlinzi na dada wa mapokezi, maana mgonjwa anaanza kuvunjwa moyo getini.

Kijana_wa_Pongwe

Shikamoo bi mkubwa. Mimi ni mgonjwa, bipola, ule wa hisia kupanda mno na kushuka mno, naandika kwa sababu mara nyingi mada hizi wanaongea ndugu na wataalamu tu.

Dada Mwanamakorora mimi nimemuelewa sana mdogo wako. Jina la ugonjwa wangu sikuambiwa na mtu, nilikuja kulisoma kwenye kadi limeandikwa kwa kiingereza na mwandiko ule wa madokta, nikaenda kumuomba mwalimu mmoja wa sekondari anisomee. Fikiria unaumwa kitu cha maisha alafu jina lake unaambiwa na mwalimu wa jografia. Dawa nilipewa kwenye bahasha, 1x2, basi. Hakuna aliyesema hii ni ya nini, itaanza kufanya kazi baada ya muda gani, utanenepa, utalala sana wiki za mwanzo alafu itapungua, na kubwa kuliko yote hakuna aliyesema kwamba ukijisikia vizuri usiache. Malaria unameza siku tatu umepona umeacha, ndo tulivyozoea wote, sasa mtu bila kuambiwa atajuaje kwamba hii ni tofauti? Nikaacha. Nikarudi wodini kwa pingu za polisi jamii, mama yangu anatazama.

Ninachotaka mimi ukiseme kwenye kamati ni hiki, mgonjwa mpya akipewa dawa apewe na maelezo kwa kiswahili, kwa mdomo na kwa karatasi, jina la ugonjwa, jina la dawa, itakufanya nini, ukiona hivi rudi haraka. Karatasi moja tu ya A4. Alafu aulizwe na yeye anataka nini. Mimi nilikuwa naendesha bodaboda, dawa ya asubuhi ilikuwa inanilaza, ningeulizwa ningesema na pengine ningepangiwa usiku. Siku nilipokuja kuulizwa na daktari mmoja mgeni (alikuwa anapita tu sijui alihamia wapi) akahamishia usiku na maisha yakawa mengine.

Na lingine, siku ya kliniki. Mahali ninapotibiwa ni siku moja kwa wiki na benchi liko nje mkabala na barabara, mtaa mzima unajua siku hiyo wanaokaa pale ni nani. Kuna watu nawafahamu wanaumwa na hawaji kwa sababu ya lile benchi tu.

Mbondei_Halisi

Mimi nitasema jambo ambalo wasomi hawalipendi. Tuko Tanga. Hapa mtu akianza kuongea peke yake, wazee kwanza wanatafuta sheikh amsomee au mganga, hospitali ni baadae, wengine miezi wengine miaka. Mama yangu mzazi tulimpeleka huku na huku na mimi siwezi kusimama hapa nikasema kisomo hakikumsaidia, kilimtuliza, alikuwa analala. Dawa za hospitali nazo zilimsaidia. Tatizo ni kwamba dokta akiuliza "mlimpeleka wapi kabla" tunafyata ulimi, maana nesi mmoja aliwahi kutufokea mbele za watu kwamba tunaleta ushirikina. Tangu siku hiyo hatukusema tena kuwa anakunywa na mizizi, na hiyo mizizi alikuwa anakunywa siku zile zile anameza vidonge.

Kwaiyo dada kwenye hiyo kamati msiwaweke pembeni masheikh, wachungaji na waganga. Waganga wana sheria yao, ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, wanasajiliwa, na halmashauri ina mratibu wao. Waiteni mkae nao.

Kijana_wa_Pongwe

Mbondei nakuheshimu kaka, na kisomo hata mimi nasomewa mpaka leo na bibi yangu. Lakini mimi kwa mganga nilifungwa kamba, mikono nyuma, nje, usiku na mchana, alama ninazo kwenye viwiko. Sikupewa chakula kwa kuwa "jini ndo anakula". Mkikaa nao hilo liwe la kwanza, kabla ya salamu, hakuna kufunga mtu na hakuna kumnyima mtu dawa alizopewa hospitali.

Mbondei_Halisi

Pole sana mdogo wangu. Hilo naliunga mkono kwa asilimia mia na anayefunga watu ashitakiwe.

BiMkubwa_Nguvumali

Nyote mmesema kweli. Swali la "umepita wapi kabla ya kuja hapa" linatakiwa liulizwe kwa sauti ile ile unayoulizia umekula nini, bila kukunja uso. Ukikunja uso umeshapoteza nusu ya habari za mgonjwa.

Na mkitaka kujua kwamba kumtunza mgonjwa wa akili kwa utu si jambo geni mkoani kwetu, ipo Lutindi kule juu milimani Korogwe. Ilianza 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, mwanzoni mwa miaka ya 1900 ikageuka hospitali ya akili, ni miongoni mwa za zamani kabisa Afrika Mashariki na iko chini ya kanisa la KKKT mpaka leo. Kule wagonjwa wanafanya kazi za mikono na za shamba, kuna chai, useremala, ufumaji, ni sehemu ya tiba yao. Mtu anaulizwa unaweza nini. Lakini si kila mtu atapanda Lutindi wala kwenda hospitali ya akili ya Mirembe Dodoma, na ndo maana hiki kituo chako cha mtaani kina umuhimu mkubwa.

Sheria uliyouliza. Ipo ya Afya ya Akili ya 2008, hiyo kwa sehemu kubwa inahusu mgonjwa anavyopokelewa na kulazwa, kwa hiari yake au bila hiari, na mahakama inavyoingia. Kuhusu kusikilizwa simamia zaidi ile ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, inataja kuheshimu utu wa mtu na uhuru wake wa kujiamulia, na nchi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa watu wenye ulemavu mwaka 2009. Ulemavu unaotokana na ugonjwa wa akili umo. Yaandike majina hayo kwenye daftari lako, mwenyekiti akisema "hayo ni ya madaktari" unayataja.

Dada_Bagamoyo

Naomba niingie mimi niko Bagamoyo, kuna kitu hamjakigusa na kinaumiza watu kimya kimya.

Ndugu yangu wa karibu alikunywa dawa ya kuulia wadudu. Alhamdulillah aliwahiwa. Ila tulipofika hospitali ya kwanza kitu cha kwanza kuulizwa ni PF3, ile fomu ya polisi, na pale wazee wakanong'onezana wakasema alikosea chupa. Ikaandikwa hivyo, ajali. Akasafishwa tumbo, akalazwa, akaruhusiwa na karatasi ya kurudi kuangaliwa tumbo. Tumbo! Hakuna aliyekaa nae akamuuliza ulikuwa na nini moyoni, kwa sababu kwenye faili hakuna mtu aliyetaka kufa, kuna mtu aliyekosea chupa. Na wazee siwalaumu hata kidogo, walikuwa wanaogopa polisi, maana Kanuni yetu ya Adhabu kifungu cha 217 inasema kujaribu kujiua ni kosa.

Wenzetu wanatoka huko. Ghana walifuta 2023. Kenya Mahakama Kuu Januari 2025 imesema kifungu chao cha namna hiyo, cha 226, kinakwenda kinyume na katiba. Sisi bado. Najua kamati ya kituo haibadilishi sheria ya nchi lakini mnaweza kusema mtumishi anauliza vipi na faragha ikoje. Chumba chenye mlango, ndugu wametoka, sauti ya chini, "umewahi kufikiria kujidhuru?" Watu wanaogopa kuuliza wakidhani wanampa mtu wazo.

BiMkubwa_Nguvumali

Haumpi wazo mwanangu. WHO wenyewe wanalisema wazi, kumuuliza mtu hakumfanyi ajiue, wengi hupumua kwa kuwa mtu kaona. Nimewauliza wengi sana kazini, wanalia, alafu wanaongea.

Na nitoe angalizo, mtu mwenye mawazo hayo asipewe vidonge vya amitriptilini vya mwezi mzima mkononi, ni sumu vikimezwa vingi. Apewe vya wiki, au ndugu anayemwamini yeye mgonjwa amtunzie.

Stoo_ya_Dawa

Nilikuwa nasoma tu ila kwenye dawa naomba nichangie ndo kazi yangu (sisemi kituo).

Dada swali lako la mwezi zipo mwezi hamna. Kituo kinaagiza Bohari ya Dawa kwa kuangalia matumizi ya kipindi kilichopita. Sikiliza hapa vizuri maana ndipo shida ilipo. Dawa zikiisha, wagonjwa wakija mara mbili wakakosa hawaji tena, wananunua duka la dawa au wanakaa bila. Kipindi kinachofuata mtu wa stoo anaangalia leja, carbamazepini imetumika kidogo, anaagiza kidogo. Kinachofuata kidogo zaidi. Kwenye karatasi inaonekana eneo lenu halina wagonjwa wa akili wala wa kifafa, kumbe wamejaa majumbani. Mimi nimeona kituo kinaagiza kopo moja la fenobabitoni, dawa ya kifafa, kwa eneo lenye kata mbili.

Kwaiyo dai moja tu la maana kuliko yote, liwekwe daftari la walioandikiwa dawa wakakosa. Tarehe, dawa, kiasi, basi, jina la mtu si lazima. Hilo daftari liingie kwenye hesabu ya kuagiza. Miongozo inaruhusu kabisa kurekebisha matumizi kwa siku ambazo dawa haikuwepo, ila watu hawafanyi kwa sababu hamna kumbukumbu au ni wavivu wa hesabu, nasema ukweli.

Alafu Bohari wakikosa, kituo hakitakiwi kukaa kimya. Kuna mshitiri, yule msambazaji binafsi aliyepitishwa na mkoa, kituo kinanunua kwake kwa hela zake za makusanyo, za CHF (bima ya afya ya jamii) na za papo kwa papo. Na matumizi ya hizo hela nani anayapitisha? Kamati yenu. Utaona kwenye orodha ya manunuzi ya mshitiri kuna glavu, kuna antibayotiki, dawa za akili hazimo, na hakuna anayeuliza kwa kuwa wagonjwa wenyewe hawana mtu kwenye kikao. Wewe uliza. Omba uoneshwe leja ya dawa hizi: haloperidoli, klopromazini, carbamazepini, amitriptilini, fenobabitoni, atani. Ni haki yako kama mjumbe.

Dada_Bagamoyo

Hili la leja sikuwahi kulijua kabisa, asante sana. Nimeongeza na langu dogo, kule Zimbabwe kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza na mabibi wa mtaani Mbare pale Harare, wakafundishwa kumsikiliza mtu na kumsaidia kupanga tatizo lake, wanakaa kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliotoka 2016 ulionesha waliokaa na mabibi wale walipungukiwa na sonona na wasiwasi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Sisi tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii, serikali imezindua mpango wao mpya 2024, wanapita nyumba kwa nyumba kuulizia wajawazito na watoto. Waongezewe na hili.

Kijana_wa_Pongwe

Mabibi nawakubali, ila dada hilo benchi wasiliweke mkabala na barabara.

Mwanamakorora

Jamani nimesoma yote na nimeandika. Bi mkubwa mdogo wangu nimemsomea ulichosema kuhusu atani, amekubali turudi Jumanne, kanipa sharti kwamba mimi nikae nje mpaka aniite.

Kwenye kikao naanza na daftari la waliokosa dawa na leja kwa sababu hayo nina pa kuyashika. Karatasi ya maelezo ya kiswahili naiomba iingie kwenye bajeti, kutoa kopi si gharama. Agizo la kuona mgonjwa kwanza na kuacha kuita mafaili kwa kelele nitaonana na mganga mfawidhi pembeni kabla ya kikao nisije nikamuaibisha mbele ya watu. La waganga na masheikh litasubiri kikao cha pili, likiingia la kwanza tutabishana majini mpaka magharibi. Swali langu la mwisho, naweza kumleta mgonjwa aongee kwenye kikao wakati si mjumbe?

BiMkubwa_Nguvumali

Muombe mwenyekiti mapema amualike kama mgeni, kwa barua, liingie kwenye ajenda lisiwe la kustukiza. Na usimlete mmoja, lete wawili, mwanamke na mwanaume. Mmoja akiongea peke yake watasema huyo ana matatizo yake binafsi.

Stoo_ya_Dawa

Na uwahi kabla oda ya kipindi hiki haijafungwa. Ikishapelekwa Bohari mnasubiri miezi miwili mingine.